Mchimba Makaa Aliyelea Vijana wa Mpira

Karibu kila kijiji kina uwanja wake wa mpira. Pengine ni uwanja wa shule, pengine ni kipande cha malisho nyuma ya kanisa, na magoli yake ni miti miwili iliyosimikwa kila upande. Jioni ikifika vijana hukusanyika hapo. Wazee wakipita na majembe yao begani hutikisa kichwa na kuulizana: "Je, watoto hawa watakula mpira?"

Swali hilo si baya. Mzazi anayemwona mwanawe akikimbilia uwanjani na huku mbuzi hawajafungwa ana haki ya kuuliza. Basi leo twapenda kuwasimulia habari za mtu mmoja ambaye kweli alikula mpira, akalisha nao mke na watoto, na jina lake likajulikana duniani kote. Mtu huyo ni Matt Busby, Mkatoliki wa Uskoti, mchezaji wa kiungo aliyepata kuwa meneja wa timu ya Manchester United. Lakini hatusimulii habari zake kwa ajili ya fedha wala vikombe. Twataka mjue jinsi alivyowalea watoto wa watu wengine, jinsi alivyowapoteza kwa siku moja, na jinsi alivyosimama tena.

MTOTO WA MGODINI

Matt Busby alizaliwa tarehe 26 Mei 1909 katika kijiji cha Orbiston, karibu na mji wa Bellshill huko Uskoti. Kijiji kile kilikuwa cha wachimba makaa ya mawe. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili tu, na wengi wa majirani walikuwa wa asili ya Ireland, kama ukoo wake yeye mwenyewe. Kila alfajiri wanaume waliingia chini ya ardhi, na jioni walitoka weusi kwa vumbi. Starehe yao ilikuwa mpira.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, baba yake, Alexander, alikwenda jeshini. Mwezi wa Aprili 1917 alipigwa risasi huko Arras, Ufaransa, akafa. Matt alikuwa hajatimiza hata miaka minane. Wajomba na baba zake wadogo nao walikwenda vitani, na watatu miongoni mwao hawakurudi. Hivyo mtoto yule alijua mapema nini maana ya nyumba iliyobaki bila wanaume.

Mama yake, Nellie, alikuwa mwanamke wa imani na wa kazi. Alitaka kuwahamisha watoto wake kwenda Marekani, wakatafute maisha mapya. Wakati wa kungoja karatasi za safari, Matt aliacha shule akaingia mgodini kuchimba makaa ili asaidie nyumbani. Siku ambazo hakuwa kazini alichezea timu ndogo iliyoitwa Denny Hibs. Hapo ndipo macho ya watu wa mpira yalipomwona.

Mwezi wa Februari 1928, akiwa na miaka 18, aliitwa na timu ya Manchester City ya Uingereza kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mshahara wake ulikuwa paundi 5 kwa juma. Safari ya Marekani ikaachwa.

ALIKARIBIA KUFUNGASHA MIZIGO

Msidhani kwamba mambo yalimnyokea mara moja. Busby alianza kama mshambuliaji wa ndani, na nafasi hiyo haikumfaa. Alikosa mbio, akaumia mara kwa mara, akakaa katika timu ya akiba. Jambo lililomwumiza zaidi lilikuwa upweke. Kijana wa kijijini katika mji mkubwa, hana baba, hana ndugu, na wakubwa wa timu hawasemi naye neno. Siku zile meneja alikaa ofisini na kofia yake, wala wachezaji wadogo hawakumwona ila siku ya kusifiwa au ya kufukuzwa. Busby alifikiri mara nyingi kurudi kwao. Mwaka 1930 Manchester United, majirani wa City, waliuliza bei yake. Waliambiwa paundi 150. Walikuwa maskini hata hawakuwa na fedha hizo, wakaenda zao. Nani angejua kwamba kijana waliyeshindwa kumnunua ndiye atakayeijenga timu yao?

Kisha wakamjaribu nyuma kidogo, upande wa kulia. Zamani zile mchezaji wa nafasi hiyo aliitwa hafubeki, na siku hizi twamwita kiungo. Jina hili la siku hizi ni zuri, maana laeleza kazi yenyewe. Tazama kiwiko chako. Si kiganja kinachoshika jembe, wala si bega linalobeba mzigo, lakini kikitenguka mkono mzima hauna kazi. Kiungo uwanjani hupokea mpira kutoka kwa walinzi, huinua kichwa, huwatazama wenzake, akampa yule aliye mahali pazuri. Mara chache yeye hufunga bao. Kazi yake ni kuwawezesha wengine.

Busby alipowekwa hapo akawa mtu mwingine. Sasa hakuhitaji mbio nyingi, alihitaji macho na utulivu, navyo alikuwa navyo. Aliichezea Manchester City michezo zaidi ya 200. Mwaka 1933 walifika fainali ya Kombe la Chama cha Mpira cha Uingereza, wakafungwa na Everton 3-0. Mwaka 1934 walirudi tena fainali, wakawashinda Portsmouth 2-1. Golikipa wao siku ile alikuwa kijana wa miaka 20, jina lake Frank Swift. Filimbi ya mwisho ilipopigwa Swift alizimia kwa furaha na wasiwasi. Shikeni jina hilo, tutalikuta tena.

Mwaka 1931 Busby alimwoa Jean Menzies, msichana wa kwao. Mungu aliwapa watoto, lakini wana wao wanne walikufa wangali wachanga. Wawili tu walikua, Sandy na Sheena. Wazee wetu husema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Jean na Matt waliujua mapema.

Mwezi wa Machi 1936 aliuzwa kwa Liverpool kwa paundi 8,000. Huko alicheza kwa heshima mpaka vita vya pili vya dunia vilipozuka mwaka 1939 na mpira ukasimama.

MENEJA ALIYEVAA NGUO ZA MAZOEZI

Jeshini Busby aliwekwa kuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na mwishoni mwa vita aliongoza timu ya askari huko Italia. Katika mji wa Bari alimsikia askari mmoja wa Wales akiwafundisha wenzake mpira kwa moto mkubwa. Mtu huyo alikuwa Jimmy Murphy, naye alipata kuwa hafubeki na naye alikuwa Mkatoliki. Busby akamwahidi kazi papo hapo, ingawa vita vilikuwa havijakwisha.

Naye Busby mwenyewe alipataje kazi? Liverpool walitaka awe mwalimu msaidizi. Lakini huko Manchester alikuwako mzee Louis Rocca, mtumishi wa siku nyingi wa Manchester United, ambaye alifahamiana na Busby katika chama cha wanamichezo Wakatoliki wa mji ule. Rocca akamwandikia barua. Mwezi wa Februari 1945 Busby alikwenda kuonana na mwenyekiti wa United. Alipewa mkataba wa miaka mitatu, akasema haitoshi: kujenga timu kwataka miaka mitano. Tena alidai kwamba yeye mwenyewe, na si wakurugenzi, ndiye atakayechagua wachezaji. Siku zile dai hilo lilikuwa la ajabu, maana wakurugenzi ndio waliozoea kuchagua. Hata hivyo walikubali. Alianza kazi mwezi wa Oktoba 1945, akiwa na miaka 36.

Alikuta nini? Uwanja wao wa Old Trafford ulikuwa umebomolewa na mabomu ya Wajerumani mwezi wa Machi 1941. Timu ilikuwa na deni, nayo ilicheza kwenye uwanja wa kuazima wa Manchester City mpaka mwaka 1949. Busby hakulalamika. Alivua koti lake, akavaa nguo za mazoezi, akaingia uwanjani kukimbia na vijana wake. Hapo awali meneja hakufanya hivyo. Alijua jina la kila mmoja, hali ya mama yake, na kama analala vizuri. Hakusahau upweke alioonja yeye mwenyewe katika timu ya akiba.

Mwaka 1948 walichukua Kombe la Chama cha Mpira kwa kuwafunga Blackpool 4-2. Mwaka 1952 wakawa mabingwa wa Ligi, jambo ambalo United hawakulipata tangu 1911.

VIJANA WA BUSBY

Meneja mwingine angestarehe hapo. Busby aliona kwamba wachezaji wake wanazeeka. Badala ya kununua watu wazima kwa fedha nyingi, alishika mithali yetu bila kuijua: samaki mkunje angali mbichi. Yeye na Murphy walituma watu kutafuta vijana wa miaka 15 katika shule na mitaa ya Uingereza, Wales, Uskoti na Ireland. Kijana akipatikana, kwanza walikwenda nyumbani kwao. Walikaa jikoni na baba na mama, wakanywa chai, wakaeleza kijana atalala wapi, atakula nini, na nani atamwangalia. Walipofika Manchester, vijana waliwekwa katika nyumba za akina mama waaminifu waliowapikia na kuwafulia.

Matunda yakaonekana. Kombe la Vijana la Uingereza lilipoanzishwa, Manchester United walilichukua mara tano za kwanza mfululizo, toka 1953 mpaka 1957. Mwezi wa Aprili 1953 Duncan Edwards aliwekwa katika timu kubwa akiwa na miaka 16 tu. Wakubwa wengine waliguna: mtoto huyu atavunjwa miguu! Busby hakusikiliza. Kwake yeye, kama kijana ni mzuri vya kutosha, umri wake watosha.

Hata hivyo alipohitaji kununua alinunua. Mwaka 1953 alimchukua mshambuliaji Tommy Taylor kutoka Barnsley. Bei ilikuwa karibu paundi 30,000, fedha nyingi mno kwa siku zile. Busby akaogopa kwamba jina la "mtu wa paundi elfu thelathini" litamlemea kijana. Basi walikubaliana paundi 29,999. Na ile paundi moja iliyosalia? Husimuliwa kwamba Busby aliitoa mfukoni mwake akampa mama aliyekuwa akiwaletea chai. Ndivyo alivyofikiri: hata katika biashara aliutazama kwanza moyo wa kijana.

Watu wakaanza kuwaita "Vijana wa Busby". Walikuwa mabingwa mwaka 1956, na tena 1957. Wachezaji wa 1956 kwa wastani walikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Roger Byrne alikuwa nahodha wao. Eddie Colman alicheza kiungo pamoja na Edwards. Liam Whelan alitoka Dublin. Bobby Charlton alitoka katika kijiji cha wachimba makaa kama Busby mwenyewe.

SAFARI ILIYOKATIZWA

Siku zile mashindano ya mabingwa wa Ulaya yalikuwa mapya. Wakubwa wa Ligi ya Uingereza hawakuyapenda. Mwaka 1955 waliwazuia Chelsea kuingia. Mwaka 1956 walijaribu kumzuia Busby, lakini yeye aliona kwamba mpira umekuwa wa dunia nzima, wala vijana wake wasifungiwe nyumbani. Akaingia. Mwaka ule waliwafunga Anderlecht wa Ubelgiji 10-0, wakafika nusu fainali, wakatolewa na Real Madrid ya Hispania.

Lakini Ligi iliweka sharti gumu: safari za Ulaya zisichelewesha mchezo wowote wa Jumamosi. Mwezi wa Desemba 1957, wakirudi kutoka Prague, walizuiwa na ukungu, wakafika nyumbani kwa shida. Kwa hiyo safari iliyofuata, ya kwenda Belgrade huko Yugoslavia, walikodi ndege yao wenyewe.

Tarehe 5 Februari 1958 walitoka sare 3-3 na Red Star, wakaingia nusu fainali. Kesho yake walianza safari ya kurudi, na ndege ikatua Munich, Ujerumani, kutia mafuta. Theluji ilikuwa ikianguka. Rubani alijaribu kuruka mara mbili, na mara zote mbili akaacha kwa sababu ya ngurumo zisizo sawa za injini. Abiria waliteremshwa, kisha wakaitwa tena. Mara ya tatu ndege ilikimbia, lakini matope ya theluji yaliyokuwa kwenye njia yakaipunguzia mwendo. Haikuweza kupaa. Ilipita mwisho wa njia, ikavunja ua, ikagonga nyumba, ikakatika vipande.

Ndani yake walikuwamo watu 44. Ishirini walikufa pale pale, na wengine watatu baadaye. Wachezaji saba walikufa siku ile: Roger Byrne, Geoff Bent, Eddie Colman, Mark Jones, David Pegg, Tommy Taylor na Liam Whelan. Duncan Edwards alipigania uhai wake hospitalini siku 15, akafa tarehe 21 Februari, akiwa na miaka 21. Miongoni mwa waandishi wa magazeti waliokufa alikuwamo Frank Swift, yule golikipa aliyezimia kwa furaha mwaka 1934, rafiki wa Busby.

Golikipa Harry Gregg alitoka mzima, kisha akarudi katika mabaki ya ndege yenye moshi na kuwatoa watu, miongoni mwao mtoto mdogo na mama yake mja mzito. Rubani, James Thain, alilaumiwa miaka mingi kwamba hakusafisha barafu kwenye mabawa. Mwaka 1969 uchunguzi wa Uingereza ulimwondolea lawama.

Na Busby? Kifua chake kilipondwa, pafu likatoboka, mguu ukavunjika. Padre alimpa Mpako wa Mwisho, tena si mara moja bali mara mbili. Madaktari hawakutumaini kwamba ataona asubuhi.

NENO LA MKE

Aliona asubuhi, kisha juma, kisha mwezi. Lakini hapakuwa na aliyethubutu kumwambia nani yu hai na nani amekufa. Mwishowe alimwomba Jean amwambie kweli. Akataja majina, moja moja. Jean hakuweza kusema. Kwa kila kijana aliyekufa alitikisa kichwa tu.

Wasomaji, fikirini hali ya mtu yule kitandani. Yeye ndiye aliyekwenda katika nyumba za wazazi wale, akanywa chai yao, akawaambia: nipeni mwana, nitamtunza. Yeye ndiye aliyetaka kwenda Ulaya wakati wakubwa walipokataa. Alijihukumu. Aliwaza kwamba kama asingeshikilia mashindano yale, vijana wangalikuwa hai. Akaamua moyoni kwamba hataki tena kuusikia mpira.

Hapo ndipo Jean aliposema neno. Alimwambia kwamba vijana waliokufa wangependa aendelee. Hakumbembeleza wala hakumhubiria. Mama aliyezika watoto wanne alimwambia mumewe kwamba waliokufa hawaheshimiwi kwa kuiacha kazi yao katikati. Busby mwenyewe alisimulia baadaye kwamba neno hilo ndilo lililomgeuza.

Wakati huo Jimmy Murphy ndiye aliyeishika timu. Yeye hakupanda ndege ile, maana alikuwa Cardiff na timu ya taifa ya Wales. Kwa wachezaji wa akiba, watoto, na wachache wa kununuliwa, alicheza mchezo wa kwanza tarehe 19 Februari. Katika karatasi ya majina ya siku ile, nafasi za wachezaji wa United ziliachwa tupu, kwa sababu hapakuwa na aliyejua ni nani atakayecheza. Walishinda 3-0. Hakika rafiki wa namna ya Murphy ni zawadi ya Mungu.

Katikati ya Aprili Busby alirudi Manchester kwa garimoshi na meli. Alipokwenda Old Trafford mara ya kwanza aliutazama uwanja mtupu, akalia. Kisha, asema mwenyewe, alijisikia nafuu. Tarehe 3 Mei 1958 alikuwapo Wembley, akitembea kwa fimbo, timu yake ilipofungwa na Bolton 2-0 katika fainali ya Kombe.

MIAKA KUMI

Akaanza upya. Aliendelea kulea vijana na kununua wachache. Mwaka 1962 alimleta Denis Law kutoka Italia kwa paundi 115,000. Mwaka 1963 wakachukua tena Kombe la Chama cha Mpira, na mwaka huo huo kijana wa Belfast, George Best, akaanza kucheza akiwa na miaka 17. Mwaka 1965 na 1967 walikuwa mabingwa wa Ligi. Ila kombe la Ulaya, lile lililogharimu roho za vijana, lilikuwa bado.

Mwezi wa Mei 1968 walicheza nusu fainali huko Madrid. Walihitaji bao. Aliyelifunga hakuwa Best wala Charlton, bali Bill Foulkes, mlinzi aliyekuwa mchimba makaa zamani, ambaye alitoka mzima katika ndege ya Munich. Mtu asiyezoea kufunga mabao alikimbia mpaka mbele, akafunga lile lililowapeleka fainali.

Tarehe 29 Mei 1968, huko Wembley, walikutana na Benfica ya Ureno. Timu hiyo ilikuwa na nguzo mbili zilizozaliwa Afrika, katika nchi ya jirani zetu Msumbiji: mfungaji mashuhuri Eusébio, na nahodha wao, Mário Coluna, naye kiungo kama Busby. Dakika 90 zilikwisha 1-1. Karibu na mwisho Eusébio alipiga kombora akiwa peke yake na golikipa Alex Stepney, naye Stepney akaudaka mpira. Eusébio, kwa uungwana wake, akampongeza. Katika muda wa nyongeza United walifunga mabao matatu: Best, kisha Brian Kidd aliyetimiza miaka 19 siku ile ile, kisha Bobby Charlton. Mchezo ukaisha 4-1.

Charlton na Foulkes, wawili waliotoka katika moto wa Munich, walimkumbatia mzee wao katikati ya uwanja. Hapakuwa na haja ya maneno. Miaka kumi ilikuwa imepita, na kila mmoja alijua ni nani wasiokuwapo.

Mwaka ule Malkia alimpa heshima ya kuitwa Sir Matt Busby. Mwaka 1972 Baba Mtakatifu Paulo VI alimpa nishani ya Mtakatifu Gregori Mkuu.

HAKUWA MALAIKA

Si haki kumsifu mtu kana kwamba hakukosa. Busby alikuwa na udhaifu wake. Mwaka 1969 alimwachia kazi Wilf McGuinness, kijana wa miaka 31 aliyemlea yeye mwenyewe, lakini alibaki hapo hapo kuwa meneja mkuu. Haikuwa rahisi kwa kijana yule kuongoza huku mzee yu jirani, na wachezaji wakiendelea kumtazama mzee. Mwishoni mwa 1970 McGuinness aliondolewa, na Busby akarudi kwa miezi michache mpaka 1971. Mwaka 1974 timu ikashuka daraja. Aliyejua kupokea mpira na kuwapa wengine alichelewa kuuachia mpira wa mwisho. Wazee wengi katika vijiji vyetu wataufahamu ugumu huo.

Tena hakuweza kumwokoa kila kijana. George Best, mwenye kipaji kupita wote, alishikwa na pombe na anasa za mji, akaiacha United mwaka 1974 akiwa na miaka 27. Busby alimwita mara nyingi, akamsihi kama baba. Malezi husaidia sana, lakini kijana hubaki na hiari yake.

Jean alifariki mwaka 1988. Mwaka 1993 mzee aliishuhudia United ikiwa bingwa tena, mara ya kwanza tangu ile timu yake ya 1967. Tarehe 20 Januari 1994 alifariki, akiwa na miaka 84. Siku mbili baadaye, kabla ya mchezo na Everton, mpiga zumari mmoja wa Kiskoti alitangulia mbele ya timu akipuliza wimbo wa huzuni, na maelfu ya watu wakasimama kimya.

NASI TUFANYE NINI?

Tuliuliza: watoto hawa watakula mpira? Wengi wao hawatakula mpira. Tusiwadanganye. Katika vijana mia wa kijiji, pengine hata mmoja hataupata mshahara wa mpira, na kwa hiyo shule na jembe visiachwe.

Lakini kila timu ya kijiji ina mtu anayeiongoza: mwalimu, katekista, au kijana aliyeoa juzi anayewapanga wadogo zake. Huyo atazame mambo ya Busby. Je, wajua jina la mama wa kila kijana wako? Umepata kufika nyumbani kwao? Yule asiyepangwa katika timu, akaaye kando ya uwanja peke yake, umesema naye juma hili? Je, waweza kumpa nafasi mdogo mwenye uwezo badala ya mkubwa mwenye jina? Mambo haya hayataki uwanja wa majani wala viatu vya bei.

Na wewe mzazi, jioni moja ukitoka shambani, tua jembe lako kando ya uwanja utazame kidogo. Utawaona wanaofunga mabao, kila mtu huwaona hao. Mtafute pia yule wa katikati, anayepokea mpira, akainua kichwa, akampa mwenzake. Akirudi nyumbani jioni hiyo, mwambie kwamba ulimwona. Kisha mwambie akafunge mbuzi.